Samahani Yangu Imeingia kwenye Simu ya Mwizi

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Kuwalinda Wateja dhidi ya Utapeli wa Mtandaoni,
Ghorofa ya Nne.

Ndugu Mkurugenzi,

Kuhusu: Mali moja ambayo bado sijarudishiwa

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba anayeisoma ni wewe mwenyewe, si mtu mwingine anayeitikia jina lako. Sisemi kwa ubaya. Ni mazoea tu niliyoyapata siku za karibuni.

Mimi ni mshona mapazia. Mtaani wananiita Mama Mapazia, na hilo ndilo jina langu pekee ambalo mwizi hakulichukua, nadhani kwa sababu huwezi kwenda kukopa kwa jina kama hilo. Mengine yote alichukua. Wiki iliyopita idara yako ilinirudishia laini yangu ya simu, pamoja na bahasha yenye kalamu, kijitabu cha ushauri na fulana ya kampeni. Nashukuru sana. Fulana imeandikwa "Sitapeliki" mgongoni, mahali ambapo mtu anayenitapeli akiwa mbele yangu hawezi kuisoma, lakini kitambaa chake ni kizuri na ninaivaa ninapopiga pasi.

Barua yenu inasema nimerejeshewa "vyote vilivyopotea" na kwamba faili langu limefungwa. Hapo ndipo ninapolazimika kupingana nanyi, kwa heshima zote. Kuna kitu kimoja hakijarudi, nacho ni samahani ya dada yangu mkubwa. Ilikuwa yangu. Ilitumwa kwa namba yangu. Ikapokelewa na mwizi, na mpaka leo iko kwake. Ninaidai.

Ili usidhani nimerukwa na akili, nimeyapanga malalamiko kwa namba, kama lilivyoagiza tangazo la mlangoni kwenu.

1. La kwanza linahusu lugha. Mwezi ule niliotapeliwa, idara yako ilituma ujumbe kwa wananchi wote. Nakumbuka ulivyosema: "Mteja mpendwa BOFYA HAPA HARAKA kuthibitisha usalama lasivyo utafungiwa." Niliusoma, nikaona huu ni wizi mtupu, nikaufuta. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ulikuwa ni wenu kweli, na kwamba kwa kutokubofya nilionyesha kutojali usalama wangu.

Siku mbili tatu baadaye alinipigia kijana mmoja mwenye sauti tulivu. Alinisalimia vizuri, akauliza kama nimeshakula au amenikatiza. Akajitambulisha kuwa anatoka huduma kwa wateja. Kisha akanionya kuhusu matapeli, Mheshimiwa, akanionya kwa muda mrefu sana, mpaka pasi ikapoa mkononi. Alisema siku hizi watu hawana haya, wanawapigia akina mama wa watu na kujifanya wanatoka huduma kwa wateja. Nikamwambia dunia imeharibika. Akasema ndiyo, mama, imeharibika. Halafu akaniomba nimtajie namba ninazopigia mara kwa mara, mwaka wangu wa kuzaliwa na namba ya kitambulisho, ili aviweke mahali salama kabla matapeli hawajavifikia. Nilimpa vyote, na juu yake namba ya dada yangu mkubwa, ingawa huwa simpigii. Nilimshukuru, nikamtakia na kazi njema.

Kijitabu chenu kinaniita "mteja asiye mwangalifu". Naomba kuuliza: ninyi mnaolipwa kunionya mlinionya kwa mstari mmoja, tena wa kunifokea. Yeye ambaye halipwi na mtu alinionya mpaka pasi ikapoa. Nani angeaminika?

Mchana huohuo simu yangu ilikufa. Nikampelekea fundi simu, jirani yangu wa milango miwili kutoka kwangu, akabadilisha betri, akaniuzia na kava lenye maua, kisha akainua uso akaniambia, "Simu haina tatizo, mama. Wewe ndiye haupo hewani."

2. La pili ni mtihani. Nilikwenda ofisi ya kampuni ya simu kurudisha laini. Dada wa kaunta alikuwa mpole na kucha zake zilikuwa safi. Akaniambia atanihoji kidogo, kuhakikisha kwamba mimi ni mimi. Mara ya mwisho niliweka vocha ya kiasi gani? Sikumbuki. Jumapili nilimpigia nani? Nikasema muuza vitambaa. Akatikisa kichwa. Laini hii ilisajiliwa mwaka gani? Nikakisia. Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtoto aliyefeli ambaye wazazi wake ni watu wazuri.

Aliniambia kuna mtu alishafika juzi yake na akajibu yote bila kusita, hata la Jumapili. Kwa hiyo mwenye laini alishapewa laini yake. Nikamwambia mwenye laini ni mimi.

"Ndivyo wanavyosema wote, mama," akanijibu, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Sasa, Mheshimiwa, sikatai kwamba nilishindwa kuwa mimi. Nilishindwa kwa haki. Lakini yule mwenzangu alisoma. Mimi nilikuwa naishi tu, bila kujua kwamba kuna mtihani. Kama serikali inakusudia kututahini namna hii, basi tupewe mapema mada zitakazotoka, nasi tukae chini tujikariri.

3. La tatu ni idara yako yenyewe. Nilifika kulalamika kwamba kitambulisho changu kimeibwa taarifa zake. Mlinzi wa getini akaniomba kitambulisho. Akakiweka dirishani pamoja na vya wenzangu, vimetandazwa kama karata, kisha akanipa daftari niandike jina langu kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, ninakoishi na sahihi. Juu ya jina langu niliweza kusoma habari za watu wote waliotangulia kufika kulalamika kwamba habari zao zinasomwa na watu. Nilipotoka alinikabidhi kitambulisho cha bwana mmoja mwenye ndevu. Nilipomwonyesha kwamba si mimi, akavisogeza vyote mbele yangu akaniambia nichague.

Lakini huko ni kutoka, na bado sijasimulia kuingia. Afisa wa meza ya malalamiko alinisikiliza vizuri, kisha akasema siku hizi malalamiko hayaandikwi kwenye karatasi. Yanaingizwa kwenye mfumo, na mfumo unamtumia mlalamikaji namba ya kuthibitisha kwenye simu yake. Nikamweleza kwamba simu hiyo anayo mwizi. Akaniambia kwa upole kwamba mfumo haumjui mwizi, unaijua namba. Akabonyeza. Tukakaa, yeye na mimi, tunasubiri mwizi aidhinishe malalamiko dhidi yake. Na akaidhinisha! Lazima niseme ukweli, hakuchelewa.

Niliporudi wiki iliyofuata, afisa alinigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe. Faili langu lilikuwa limefungwa. Mfumo ulikuwa umeniuliza kama nimeridhika, nami, kwa mkono wa mwizi, nilikuwa nimejibu kwamba nimehudumiwa kwa upendo na haraka, Mungu awazidishie, na nikatoa nyota tano. Afisa aliniambia ni nadra kupata nyota tano. Hata alionekana kuumia kidogo kwamba nimekuja kulalamika tena baada ya maneno mazuri kama yale. Maneno hayo sasa yamechapwa na kubandikwa ukutani kwenu chini ya kichwa "Sauti za Wateja Wetu", jina langu likiwa chini yake. Naomba yabanduliwe.

4. Lalamiko la nne niliandika nikiwa na hasira na nimelifuta. Lilihusu lifti.

5. La tano ni la mwenye nyumba ya wageni iliyo barabara ya nyuma, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja dukani amejaa furaha kuulizia mapazia yake. Mapazia gani? Ya vyumba vyote, akasema, yale tuliyokubaliana kwenye simu. Akanionyesha meseji. Nilikuwa nimemshauri rangi ya haradali kwa vyumba vya mbele na kahawia kwa vya nyuma vinavyopigwa na jua, na kisha nimemwomba malipo yote kabla ya kazi, kwa namba nyingine, kwa kuwa yangu ina hitilafu. Naye akalipa yote.

Mheshimiwa, mimi niko kwenye kazi hii tangu nikiwa msichana na sijapata mteja aliyenilipa yote kabla sijakata kitambaa. Nilimweleza yule bwana kwamba aliyeandika si mimi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kichwa. Wageni walikuwa wameshaweka nafasi. Basi nikashona. Nilikopa kitambaa, nikashona marinda mawili mawili, nikapinda pindo kwa mkono, kwa sababu kibao kilicho mlangoni ni changu na mwizi hana kibao. Kuhusu rangi sina la kumlaumu kijana. Haradali imekaa vizuri sana vyumba vya mbele.

Hayo yote nilishayasamehe. Sasa nakuomba usome la sita ukiwa umekaa.

6. Nina dada mkubwa. Wazazi wetu hawapo, tumebaki wawili. Dada alijenga nyumba yake taratibu, mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, na mimi nilikuwa nakwenda kuitazama kila inapoinuka. Nilipima madirisha yake kabla hayajawekwa fremu. Nilikuwa nimeshamchagulia hata kitambaa, ingawa hakuniambia nichague, kwa sababu mambo mengine hayahitaji kuambiwa. Siku aliyohamia nilikwenda na futi yangu shingoni. Nikakuta madirisha yamevaa. Mapazia ya dukani, Mheshimiwa, yaliyoshonwa tayari, yenye pindo fupi, yananing'inia juu ya kizingiti cha dirisha kama suruali ya mtu aliyerefuka ghafla.

Nilisema sentensi moja. Naye akasema moja. Nikaondoka sijanywa chai. Tangu siku hiyo, na huu ni mwaka wa sita, tunakutana kwenye misiba na harusi, tunakaa ncha mbili za mkeka. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za idara kwamba mimi sikuwa na kosa.

Sasa binti ya dada yangu, ambaye ni mwalimu, akatokea dukani siku moja sina habari. Alinikumbatia nikiwa na mkasi mkononi. "Mama mdogo, ahsante," akasema. "Mama amekuwa mtu mwingine." Nikadhani amekosea duka. Akatoa simu yake. Alikuwa amejitumia meseji za mama yake ili awe nazo, anasema huzisoma akichoka.

Nikasoma nimesimama. Mwizi alikuwa ameanza na "Shikamoo dada, umeamkaje? Miguu bado inakusumbua?" Dada akajibu, "Leo umenikumbuka, baada ya yale ya mapazia?" Yule kijana ni mwepesi, aligundua hapo kuna jambo, akaligusa polepole. Kila asubuhi alimwamkia. Alimwuliza habari za goti. Alimkumbusha asinywe dawa bila kula. Alimwuliza kapika nini, na akishaambiwa anasema ametamani. Dada alimweleza kwamba goti limeshindikana kwa vidonge na kwamba atapasuliwa. Mimi sikuwa na habari hiyo, lakini mwizi alikuwa nayo, na alimtia moyo vizuri, na akamwahidi kwamba nitakwenda kukaa naye hospitali.

Kisha, katikati ya wiki, bila kuulizwa na mtu, akaandika: "Dada, nisamehe kwa ajili ya mapazia. Nilikosea. Nyumba ni yako na madirisha ni yako."

Mheshimiwa Mkurugenzi. Alichukua pesa za mteja wangu, nikajikaza. Alitoa nyota tano kwa jina langu, nikameza. Lakini kwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo sikulitenda, bila hata kunishirikisha! Miaka yote hiyo nimekuwa mwangalifu kupita kiasi nisije nikasema neno hilo hata kwa bahati mbaya. Kwenye msiba wa mjomba nilimkanyaga dada mguu na sikusema samahani, ili isije ikaeleweka vingine. Leo anatokea mtu asiyejua upande wa mbele wa pazia, analitoa neno hilo kwa dakika moja.

Na hilo silo ninalolidai. Ninalolidai ni jibu lake. Kesho yake dada akaandika:

"Na mimi samahani, mdogo wangu. Nilijua utaumia. Paa lilinimaliza pesa zote, nikajua nikikwambia utashona bure. Mimi ndiye mkubwa. Niliona aibu."

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudia. Binti aliniuliza kwa nini narudia, nikamwambia herufi za simu yake ni ndogo. Nilitaka kumwambia kwamba si mimi niliyeandika. Nikajikuta namwambia, "Msalimie mama."

Unaona nilivyobanwa? Nikimwambia dada kwamba aliyeomba radhi ni mwizi, basi na yeye atasema samahani yake ilikuwa ya kumjibu mwizi, ataichukua arudi nayo ndani. Nisipomwambia, itabidi nikubali mbele ya ulimwengu kwamba nilikosea kuhusu mapazia. Hakuna mlango wa tatu. Neno nililolisubiri miaka yote hiyo lilikuja, limekamilika, na sababu zake zote, likaingia kwenye mfuko wa suruali ya mtu mwingine.

7. Lalamiko la saba ni kwamba mlimkamata. Si kwamba mlimkamata tu, ni namna mlivyofanya. Mimi nilikuja kwenu mara nyingi, kwa ngazi, bila mafanikio. Mwenye nyumba ya wageni akaenda kulalamika redioni asubuhi, na kabla ya saa ya chakula idara yako ilikuwa imeipata laini, imemfungia kijana, na mmepiga naye picha. Sawa. Lakini hakuna aliyefikiri kuniuliza kama kuna mazungumzo yanayoendelea ambayo hayafai kukatwa katikati?

Laini ilirudi tupu. Kesho yake asubuhi ikaingia meseji ya dada: "Mbona leo kimya?" Nikashika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Nikaandika, "Nipo." Akauliza, "Umeamkaje?" Nikajibu, "Nimeamka." Akauliza kama nimekasirika. Nikaandika sikukasirika, nikaona limekaa kama mtu aliyekasirika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Ninaweza kupinda pindo la mita kumi usione uzi. Lakini kumwuliza mtu habari za goti lake, kwa maneno, na aone kwamba nimeuliza kwa moyo, hilo sikuwahi kujifunza, na mwenye ujuzi huo mmemfungia.

Jumatatu anapasuliwa. Nitakwenda, hilo halina mjadala. Tatizo ni kwamba nitakwenda kama nani? Dada anamsubiri yule mpole wa kwenye simu. Akifika huyu mwingine, mwenye futi shingoni na mdomo uliofungwa, ataona tofauti kabla sijaweka kikapu chini. Mtu haendi kupasuliwa akiwa na mshtuko wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naiomba idara yako yafuatayo.

Kwanza, itoe tamko rasmi, lenye muhuri, kwamba radhi iliyoombwa na mwizi kwa jina langu ni batili na hainihusu, lakini samahani aliyoitoa dada yangu ni halali, ni mali yangu, na haiwezi kurudishwa kwa mwenyewe. Afisa wenu aliniambia kwamba mteja aliyetapeliwa huachiwa kilicho chake na kufutiwa kilichofanywa kwa jina lake. Ninaomba hilohilo tu, hakuna upendeleo ninaoutaka.

Pili, kama sheria haiwezi kuzitenganisha hizo mbili, basi kijana aruhusiwe, akiwa hukohuko mlikomweka na akisimamiwa na afisa, kuendelea kumwandikia dada yangu kila asubuhi mpaka goti lipone. Vocha nitaigharimia mimi. Ningeomba tu asiombe radhi kwa jambo lingine lolote bila kunishirikisha.

Tatu, kama hilo nalo ni gumu, niruhusiwe kumtembelea mara moja nimwulize anaanzaje. Baada ya "umeamkaje" huwa anasema nini, na mtu akimjibu kwamba ameamka vibaya anaendeleaje hapo. Nitakwenda na kalamu mliyonipa.

Mwisho, wakati mwingine mtakapotengeneza kijitabu cha hasara zitokanazo na utapeli, muongeze sehemu ya watu waliokuwa hawasemeshani. Mna sehemu ya pesa, ya nyaraka, ya picha. Sisi hatumo.

Nakutakia kazi njema wewe na wote walio chini yako. Mfikishie salamu zangu afisa wa meza ya malalamiko na umwambie sina kinyongo naye. Msalimie mlinzi wa getini, wasalimie wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, na fundi wa lifti, siku atakayofika.

Ni mimi mwenyewe, safari hii kwa mkono wangu,

Mama Mapazia,
Mshona mapazia, vitambaa vya meza na foronya.

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga bahasha. Nimetoka kidogo kwenda kwa fundi simu kuomba gundi, na niliporudi nimemkuta dada yangu mkubwa ameketi kwenye kiti cha wateja, fimbo ameiegemeza kwenye meza ya kukatia, binti yake amesimama mlangoni, na barua hii iko mkononi mwake. Ameisoma yote. Kisha akacheka mpaka binti akamletea maji.

Anasema alijua tangu siku ya pili kwamba si mimi. "Wewe tangu uzaliwe hujawahi kuniuliza habari za miguu," ameniambia. Anasema na shikamoo yangu huwa haitoki mpaka nikumbushwe. Nimemwuliza kwa nini basi aliendelea kujibu. Anasema yule kijana alikuwa na mazungumzo mazuri na yeye asubuhi huwa peke yake, kwa hiyo kila wiki alikuwa akimtumia vocha ili asiache. Anakataa kuandikwa mhanga. Anasema alikuwa mteja.

Kuhusu samahani, ametamka mbele ya binti yake kwamba aliiandika kwa sababu alijua haitanifikia, na kwamba kama angejua naisoma mimi asingeandika hata herufi moja. Nikamjibu kwamba na ile ya kwangu haikuwa ya kwangu. Tumekaa tukatazamana. Kwa hiyo, Mheshimiwa, imethibitika kwamba hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, hapajaibwa kitu, na tamko halihitajiki wala muhuri. Yapuuze malalamiko yote, kasoro lile la kubandua maneno yangu ukutani.

Jumatatu nakwenda naye hospitali. Ameniagiza nichukue nguo za kubadilisha za siku nyingi, na nisije nikajaribu kuwa mpole, maana miezi hii upole umemchosha.